Nafasi Alizobania Moluk Khanum

"Toa mkono kwenye kibodi yangu, binti! Mimi nilikuwa napiga chapa kabla mama yako hajaposwa."

Duka zima la kupiga chapa pale Mtaa wa Enghelab lilimsikia Moluk Khanum. Wanafunzi waliokuwa wakingoja kazi zao wakajifanya wanasoma matangazo ukutani. Parastu, mpiga chapa mgeni, hakuutoa mkono.

"Khanum jan, tazama mwenyewe. Maneno yako yamebanana kama kondoo kwenye mvua."

"Wapi? Mbona mimi naona nafasi?"

"Unaiona, lakini hukuipiga."

Hapo ndipo palipouma, maana ilikuwa kweli. Herufi zetu za Kiajemi hushikana mikono, ila ziko chache zenye kiburi, hazimshiki anayezifuata. Neno likiishia na mojawapo ya hizo, pengo hujitokeza lenyewe. Moluk Khanum alijifunzia kazi kwenye mashine ya chuma, nje ya mahakama, akiwachapia watu mashtaka yao, na kitufe cha nafasi cha mashine ile kilikuwa kigumu kama moyo wa mwenye nyumba. Pengo linakuja bure, vidole vihangaike kwa nini? Akabania. Karatasi haikumsengenya. Kwa mkono huohuo alilea watoto wawili baada ya mumewe kufa, na hakumwomba jirani hata chumvi.

Kompyuta haina stahi hiyo. Asubuhi ile chuo kilikuwa kimerudisha tasnifu ya Sahand, mwanafunzi wa kilimo, aliyoipiga Moluk. Walipobadilisha fonti, maneno yakaungana, mistari ikamwagika nje ya ukingo.

Bwana Behruz, mwenye duka, akachungulia. "Moluk Khanum, hii si mara ya kwanza. Kijana anairudisha kesho. Ikikataliwa tena, meza hii ni ya Parastu."

Kisha akaenda zake. Wanaume hupenda kutupa neno zito halafu waondoke.

Moluk akavuta kiti. Kulia ni kwa wasio na kazi. "Haya, mjuzi. Dawa unayo?"

Parastu alikuwa na programu ya kutenganisha maneno bila mtu kugusa kitufe. Wakaiendesha. Ikatenganisha kweli, hata majina ya vijiji, hata jina la profesa.

"Mtu wa watu umemkata mapande!" Moluk akacheka hadi mtandio ukamteleza. "Hiyo dawa au shoka? Sikiliza. Mahakamani tulikuwa tunasomeana, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata. Mimi nitasoma, wewe piga."

"Nani? Nitasoma mimi, Khanum. Vidole vilivyokosa ndivyo vitakavyopiga."

Moluk akavuta kibodi mbele yake. Akaweka vidole juu ya vitufe.

Parastu akasoma, akivuta pumzi kila neno lilipokoma, na kila pumzi Moluk akapiga nafasi.

"Hapo nafasi nusu. Bonyeza hivi viwili pamoja."

"Nusu saa naijua. Nafasi nusu ndiyo nini?"

"Vipande vikae jirani, visishikane, wala kimoja kisihamie mstari wa pili."

"Kumbe! Kama mimi na wifi yangu."

Mchana Moluk alikataa kuinuka. Parastu akatoka, akarudi na mabakuli mawili ya ash, ile supu nzito ya tambi na maharage. "La kwako utanilipa," akasema.

"Nitakulipa. Mimi sili cha mtoto bure."

Walipofika kwenye sura ya mwisho, ya mabwawa na mifereji, vidole vilikuwa vinatoa nafasi bila kuamrishwa, na Parastu alikuwa amekauka koo.

Kesho yake Sahand aliingia na sanduku la keki: chuo kimeipokea. Bwana Behruz hakutaja meza tena. Alimletea Moluk chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Weka hapo," Moluk akamwambia bila kugeuka. "Na sukari?"

Mchana ulipofika, Moluk akatua bakuli la ash, linafuka moshi, mbele ya Parastu. "Deni lako hilo."

Kwetu mtu mwenye adabu hukataa kwanza, akabembelezwa, akakataa tena. Parastu alichukua kijiko, akala.

"Huna haya hata kidogo," Moluk akasema, akamsogezea mkate.