Mguu wa Saba

Shuleni kwetu, huko Keringet, tuliamini kwamba anayetoka mbali ndiye anayeruka juu. Kwa hiyo tulipoanza kufundishwa kuruka kwa mwanzi, yaani kujiinua na mti mrefu mpaka juu ya kijiti, kila mmoja alikwenda kuanzia mbio zake nyuma ya mwenzake. Mimi, mshindani mkubwa mwenye akili kidogo, nilianzia nyuma ya choo cha walimu. Nikakata kiwanja chote na mwanzi wangu mkononi, nikafika mahali pa kurukia nikihema kama ng'ombe aliyepandishwa mlima. Nikausimika mwanzi, nikaning'inia, nikateremka palepale nilipotoka. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini.

Mwalimu wetu wa michezo hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kitambi cha heshima, ambaye sidhani aliwahi kuruka hata mfereji. Lakini alikuwa ameuona mchezo huu ukichezwa alipokuwa chuo cha ualimu, na kwa kuona tu akawa fundi.

"Kijana, mbio si safari," aliniambia. "Kazi yake ni kukufikisha pale, mguu wa kushoto chini, mikono juu, na nguvu bado zimo. Ukifika umechoka, ulianzia mbali. Ukifika bila kasi, ulianzia karibu."

Akamwaga jivu mahali pa kurukia, ili aone mguu wangu wa mwisho umekanyaga wapi, tukaanza kupunguza. Alihesabu mguu wa kushoto peke yake, kila ulipogusa ardhi. Kumi na tano zikawa kumi na mbili, kumi na mbili zikawa tisa. Kwa nane nilifika na kasi nisiyojua niifanyie nini. Mwanzi uligonga kile kisanduku cha mbao kilichozikwa ardhini ukanitikisa meno yote. Kwa sita nilifika mpole kama mtu aliyekuja kuposa. Kwa saba nilipanda. Sikuhisi hata nikijitahidi, niliona tu vumbi la mbao tulilomwagiwa pa kuangukia, kutoka kiwanda cha kupasulia magogo, likiwa mbali chini yangu, nikaliangukia nikicheka.

"Saba," mwalimu akasema, akaweka jiwe jeupe pale nilipoanzia. "Usiniulize kwa nini. Ni mwili wako umesema."

Mwili wangu ulikuwa umesema neno baya. Kwetu sisi Wagikuyu, saba ni nambari ya kuepukwa, na hakuna aliyeiepuka kama mama yangu. Akihesabu mayai alifika sita, akaliweka linalofuata kikapuni bila kulitaja, kisha akasema nane. Msidhani alikuwa mtu wa gizani. Alikwenda kanisani kila Jumapili na kuimba kuwashinda wote. Niliwahi kumwuliza, kwa ujanja wa mtoto wa shule, Mungu alipumzika siku ya ngapi. Akanijibu kwamba Mungu hakuwa na mama wa kumwonya.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu, mama akichuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Asubuhi baridi ya Keringet huingia mpaka kwenye mifupa, na nyumba yetu ilikuwa na blanketi moja tu, ambalo mama aliwaachia dada zangu wawili wadogo. Yeye alijifunika magunia. Kwa hiyo mwalimu alipotutangazia kwamba kutakuwa na mashindano ya shule mjini Nakuru, na kwamba mshindi wa kuruka kwa mwanzi atapewa blanketi, wa pili sufuria, na wa tatu mche wa sabuni, mimi sikusikia habari ya sufuria wala sabuni. Nilimwambia mama siku hiyohiyo kwamba nitamletea blanketi. Akaniambia niwalishe kuku kwanza.

Nikawa nafanya mazoezi hata nyumbani, bila mwanzi, kwenye njia ya kwenda banda la kukaushia pareto. Nilihesabu kwa sauti kubwa, maana nilijiona mtu wa maana. "Tano, sita, saba, ruka!" Nilipotua nilimkuta mama amesimama mbele yangu na kikapu chake mgongoni.

"Baba," akasema. Aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la baba yake. "Umeruka kwa ngapi?"

"Nane, mama."

"Rudia nione."

Nikarudia kwa nane, nikaishia ndani ya pareto, miguu juu. Mama alinitazama mpaka nikainuka.

"Baba, mguu ukiacha ardhi kwa nambari ile, utarudi umevunjika. Niahidi hutaruka nayo."

Nikaahidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa mrukaji hiyo si methali ya kuandikia insha.

Mwalimu, ambaye alitoka upande wa ziwa kuu la magharibi na saba haikuwa na ugomvi naye, alicheka sana nilipomweleza. "Basi anza kuhesabu na mbili," akasema. "Utafika nane." Nikajaribu. Miguu ilidanganyika vizuri, moyo ukakataa. Kila niliporuka nilijiona mwizi wa mayai ya mama.

Siku ya mashindano tulipanda lori la pareto, barua zetu za ruhusa mfukoni, maana miaka ile ya ukoloni mtu hakwenda Nakuru kwa kupenda tu. Mama naye alipanda. Alikuwa amemwambia nyapara kwamba anakwenda hospitali kung'olewa jino. Njia nzima alishika shavu, hata tulipokwisha kumwacha nyapara maili ishirini nyuma.

Nakuru kulikuwa na upepo na vumbi jeupe la kutoka ziwa la magadi lililo kando ya mji. Nilipopima hatua zangu na kuweka jiwe pa kuanzia, nilimwona mama kwenye umati, bado ameshika shavu, na ujanja wa kuanzia mbili ukanishinda. Nikalirudisha jiwe nyuma mpaka kwenye nane, nane ya kweli. Kwa ubishi tu na mikono yenye nguvu nikavuka vile vimo vya chini, kimoja kwa kurudia mara mbili. Mwishowe tukabaki wawili. Kijana mmoja mrefu wa shule ya mjini alikuwa amekiangusha kijiti cha kimo cha mwisho mara tatu, nafasi zake zote, na mimi mara mbili. Nikikivuka, blanketi ni langu. Nikikosa ni lake, kwa kuwa yeye vimo vyote vya nyuma alivivuka kwa mara moja. Mwalimu alikuwa amekaa chini, kichwa mikononi. Nilikuwa karibu kulia, sioni haya kusema.

Hapo ndipo mama alipoingia kiwanjani. Aliingia polepole, kama mtu anayemfuata kuku wake kwenye shamba la jirani. Mzungu mwamuzi akapiga filimbi, mama akaendelea. Akafika penye jiwe langu.

"Kule shuleni jiwe hili halikai hapa," akasema. "Unadhani nikipita na kikapu huwa nafumba macho?"

Nikaushusha mwanzi.

Akasimama penye jiwe, akainua sketi yake kidogo, akapiga hatua mbili ndefu, kulia, kushoto. Ule wa kushoto aliukanyaga kwa nguvu mpaka vumbi likaruka.

"Moja," akasema. "Hiyo ni yangu. Wewe anzia hapa, upige zilizobaki. Zote pamoja ni nane, na asiyejua kujumlisha ni shauri yake." Akalileta jiwe kwa mguu.

"Na kama kuna madhara, mama?"

"Yataanza na mimi. Si ni mimi nimeanza kukimbia?"

Mzungu akafika, uso mwekundu. "Natoka, bwana," mama akamwambia kwa adabu. "Nimemaliza." Akarudi mahali pake, akashika shavu.

Nilikimbia nikihesabu kutoka mbili, na safari hii sikuwa nikimwibia mtu. Mahali pa kurukia palikuwa nyuma yangu kabla sijajua, nikaona kijiti chini ya tumbo, kimetulia, kisha vumbi la mbao likanipokea. Nikajipapasa miguu yote miwili. Ilikuwa mizima. Mwalimu alirukaruka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiruka.

Blanketi lilikuwa la kijivu, lenye mstari mwekundu. Mama alijifunika nalo kwenye lori la kurudi, tangu tulipopita Njoro, akasahau kabisa habari ya jino. Nilimtania njia nzima kwamba ameuvunja mwiko mbele ya Nakuru nzima. "Nimevunja nini?" akasema. "Nane ni nane." Nikacheka, nikidhani mzaha wake umeishia hapo.

Lakini kwa mwezi mzima baadaye nilikuwa nikimwona akiteremka vidato vya banda la pareto akishika ukuta, akiujaribu kwanza mguu wa kushoto kabla ya kuukanyagia. Alikuwa anaungoja uvunjike. Hakuwa amefanya mzaha hata kidogo pale kiwanjani. Aliiogopa ile nambari vilevile kama zamani, na bado aliipiga ile hatua.