Tangazo la Mama Vifungo

Mama Vifungo, fundi cherehani na mjane wa miaka saba, alianza kujifunza Kiingereza akiwa ameshaota mvi. Mwalimu wake alikuwa mke wa mwanawe. Siku alipoambiwa kwamba vitu viwili vinavyolingana huitwa match, neno hilo lilimkaa.

Wiki hiyo mteja akaleta koti lililopungukiwa kifungo kimoja cha kahawia. Mama Vifungo alipekua makopo yake yote, akaambulia patupu. Basi akachana boksi, akaandika kwa herufi kubwa, I NEED A MATCH, akalitundika mlangoni.

Wa kwanza kuingia alikuwa jirani yake muuza vyombo, kiberiti mkononi. "Shoga, si ungeniita tu?" Mama Vifungo akakipokea. Mchana akaja nahodha wa timu ya mtaa kuuliza mechi itachezwa lini.

"Mimi na goti hili?" akajibu. "Ila jezi yako imechanika. Zileteni zote."

Jioni mkwewe alisoma lile boksi, akacheka hadi akashika mbavu. "Mama, neno hilo si kiberiti na mechi tu, pia ni mtu anayekufaa kwa ndoa."

"Acha utani wako."

"Kweli tena. Liondoe, watu watakuelewa vibaya."

Mama Vifungo akainuka, akaenda mlangoni, akalitazama boksi. Lilikuwa limepinda upande. Akalinyoosha, akarudi kuketi.

Kesho yake akaja Fundi Saa, mgane wa mtaa wa pili, shati limepigwa pasi hadi kola inamkata shingo.

"Nimesoma tangazo," alisema, akiangalia cherehani badala ya mwenyewe. "Sijui kama nafasi bado ipo."

Mama Vifungo alijua fika nafasi gani. "Ipo," alisema, uso mkavu. "Lakini waombaji ni wengi. Unajua kushona kifungo?"

"Nafungua saa na kuzifunga, nitashindwa na kifungo?"

Akapewa sindano na lile koti. Mzee wa watu alijichoma mara nne, akashona kifungo cheusi na mfuko kwa pamoja. Mama Vifungo alikagua kazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Njoo kesho ujaribu tena."

Alijaribu kwa wiki sita, akikata vifungo vya koti lile na kushona vingine. Mwenye koti alipolifuata, alilikuta lina vifungo vitano, kila kimoja na rangi yake, na mlango umefungwa. Mafundi wote wawili walikuwa wamekwenda kuchagua pete.