Freya Mwenye Kidevu

Asfasti wa Hedebi, mji wa bandari huko kaskazini, alikuwa fundi wa kuyeyusha fedha na shaba na kusubu vidani, tangu enzi ambazo mtu alimjua mungu aliyemvaa shingoni. Siku hizi wanunuzi wanataka msalaba. Vijiti viwili, basi; hauna hata pua ya kumhangaisha fundi.

Mkewe, Gyrid, alikuwa amelala karibu na moto, kifua kikimkoroma. Macho yalishaingia ukungu, na wote wawili walijua hatafika majira ya kuchipua. Alikuwa akikipapasa kidani chake cha Freya, mungu wa kike anayewapokea wafu wake ukumbini.

"Mzee, huyu mbona hana uso?"

"Anao. Umechakaa tu."

"Hana. Laini kama yai. Sasa nikifika kwake nitamjuaje? Nisimame mlangoni kama mchuuzi?"

Asfasti akakipapasa naye: laini kweli. Baba yake alikigandamiza kidani cha babu kwenye udongo mbichi kupata kalibu, akasubu kingine. Yeye naye akagandamiza cha baba. Kila nakala ilififia kidogo, na hakuna aliyejali, mpaka Freya akabaki na gauni, mkufu na yai. Asfasti mwenyewe hakuwahi kuchonga uso maishani mwake.

Akachukua donge la nta. Alimtazama mkewe, akachonga, akafuta, akachonga tena. Akaifunika nta kwa udongo uliokandwa na mavi ya farasi, akauchoma mpaka nta ikayeyuka ikatoka, akamimina fedha ndani. Kalibu ilipopoa akaivunja.

Gyrid akakipapasa kidani kipya. Akarudia. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Umemchonga nani wewe?"

"Wewe, nani mwingine?"

"Mimi? Na kidevu hiki? Huyu mama yako!"

Asfasti akausogeza mkono wa mkewe wenye kidani kwenye mwanga wa moto. Kweli. Kidevu kilekile cha marehemu mama yake, kilichomwandama Gyrid kwa lawama tangu aolewe: maziwa yameungua, uzi umekatika, kuku hawajafungiwa.

"Lete nikiyeyushe. Nianze upya."

"Thubutu!" Gyrid akakifumba kiganjani. "Huyu namjua. Atanung'unika kwamba nimechelewa, halafu atanifungulia."

Asfasti akapitisha uzi kwenye pete ya kidani, akaufunga kwenye bizimu iliyoshika gauni begani mwa mkewe, kati ya shanga. Akafunga fundo mara mbili. Kisha akamwinua kichwa, akamnywesha mchuzi wa samaki.

Gyrid akaonja. Akasema hauna chumvi.