Kipimo cha Agosti

Kila Agosti, kabla ya mazoezi ya mpira wa Kimarekani, yale ya kuvaa helmeti, kuanza, Dorsey Mabry aliwaingiza vijana wake kwenye chumba cha kompyuta cha shule ya Okalee na kufunga mlango kabla mtabibu wa timu hajafika. Alikuwa na dakika kumi, na alizitumia vizuri. Aliwaambia wajibu polepole. Ukioneshwa maneno kumi uyakumbuke, kumbuka manne. Ukiambiwa ubonyeze ukiona nyekundu, kohoa kwanza, kisha ubonyeze. Ila msizidishe, akawaonya, mkizidisha mtashtukiwa. Muwe wazito tu, kama mtu aliyeshiba kambare wa kukaanga mchana wa jua kali.

"Kocha, mimi hata nikijitahidi nafeli," alisema kijana mmoja mnene aitwaye Pruitt, na chumba kizima kikacheka.

"Wewe jibu kawaida yako, Pruitt. Wewe Mungu alishakusaidia."

Kipimo chenyewe ni cha kichwa kabla hakijagongwa. Majibu yanawekwa kwenye faili, na mchezaji akigongwa akaona nyota, anapimwa tena. Alama zikishuka, hachezi. Sasa kama alama zilikuwa chini tangu mwanzo, zishuke ziende wapi? Hiyo ndiyo ilikuwa siri yao, na Dorsey aliwaapisha wasimwambie mtu yeyote, awe mtabibu, awe mzazi.

"Hata mimi mwenyewe nikija siku moja na sura ya upole nikawauliza, kataeni," aliwaambia. "Niangalieni usoni mkatae."

Na yeye alifundishwa hivyo hivyo. Lakini hilo linataka nianzie nyuma kidogo.

Dorsey ni mtoto wa hapa hapa, wa udongo mweusi. Miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, sungura hutoka motoni mbio, na watoto wa Okalee huwakimbiza kwa miguu na kuwakamata kwa mikono mitupu. Hakuna mbwa, hakuna fimbo. Dorsey alipokuwa na miaka tisa alikamata sungura kumi na mmoja mchana mmoja, dada yake Odessa akiwa nyuma yake ameshika gunia. Sungura haendi moja kwa moja. Anakata kulia, anakata kushoto, na anayemkimbiza lazima ajue atakata wapi kabla hajakata. Dorsey alijua. Baadaye, mpira ulipokuwa mikononi mwake, akawa yeye ndiye sungura, na wanaume wakubwa wa majimbo mengine wakabaki wamekumbatia hewa.

Mpira ukampeleka chuo kikuu, kisha kwenye ligi ya kulipwa, huko kaskazini kwenye theluji. Alicheza misimu sita. Kazi ya mbeba mpira ni rahisi kueleza: unapewa mpira, halafu watu kumi na mmoja wanakuja kukuvunja, na wewe unawaendea. Mara ishirini kwa mechi. Mzee mmoja wa timu, mzee wa miaka thelathini na mbili, ndiye aliyemfundisha ujanja wa kipimo, akamwambia mbeba mpira anayekaa nje wiki moja anarudi kukuta kiti chake kina mtu. Dorsey akashika. Disemba moja aligongwa mpaka akamuuliza mwenzake wako mji gani. Mwenzake akamtajia, naye akashukuru, akarudi uwanjani. Jumatatu wakampima, akapita. Misimu sita hakukosa mechi hata moja kwa sababu ya kichwa, na alijisifia hilo kanisani, kwa kinyozi na kwenye harusi za watu.

Wakamwacha Agosti moja asubuhi. Mtu mwenye karatasi alikuja kabatini kwake akamwambia kocha anamwita, aje na daftari lake la mbinu. Kila mchezaji anajua maana ya maneno hayo: umeachishwa. Goti lilikuwa limekwisha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Akarudi nyumbani, akamwoa Verlene, mwalimu wa chekechea mwenye subira kuliko sisi wote, akapewa timu ya shule. Mji wetu una kiwanda cha sukari, gereza, makanisa na mpira. Kijana asiyetaka viwili vya kwanza anakimbilia mpira. Katika miaka kumi na mitatu Dorsey alitoa vijana kumi na tisa kwenda chuo kikuu, na mama zao walimpikia mpaka akaota kitambi. Tulimpenda. Tuseme ukweli, tulimwabudu.

Kusahau kulianza kidogo kidogo. Aliacha gari likinguruma kwenye maegesho mpaka mafuta yakaisha. Akapotea kwenye barabara ya mfereji, barabara ambayo haina hata kona. Akafika arobaini na tatu anawaita watu kwa majina ya wazazi wao. Verlene akabandika karatasi kwenye milango ya kabati za jikoni, na Septemba akampeleka kwa daktari wa mjini.

Daktari alikuwa ameomba mafaili ya ligi. Aliyasoma kwa makini, akalinganisha na kipimo kipya, akatabasamu kwa wema. Alisema alama ziko chini, ni kweli, lakini hazijashuka sana tangu Bwana Mabry alipokuwa kijana wa miaka ishirini na minane. Kwa mujibu wa karatasi hizi, alisema, huenda ndivyo alivyo tu.

Dorsey akacheka. Alicheka mpaka kwenye gari, na humo ndani ya gari kicheko kikageuka kilio cha mtoto, Verlene akamshika kichwa. Alimweleza yote. Kwamba alijiibia mwenyewe. Kwamba uongo wake umekaa kwenye faili ukimngoja miaka kumi na mitano.

"Na watoto?" Verlene akauliza.

Na hapa mimi namlaumu Dorsey, kwa sababu alikuwa na Septemba nzima ya kuwaambia wale vijana, na hakuwaambia. Aliona haya. Alisema msimu ukiisha. Watu wazima tuna tabia ya kuipa aibu yetu muda, na wakati huo mtoto wa mtu yuko uwanjani.

Mtoto mwenyewe alikuwa Kenyon, wa Odessa, miaka kumi na saba, mbeba mpira kama mjomba wake na mkamata sungura kama mjomba wake. Mwisho wa Oktoba aligongwa kichwa kwa kichwa. Aliinuka akashika helmeti kwa mikono miwili, akatembea vizuri hadi kwenye benchi. Siku ya tatu mtabibu akampima. Alama zilikuwa zile zile za Agosti, tena zimeongezeka moja. Akaruhusiwa. Ijumaa iliyofuata ilikuwa mechi na mji wa ng'ambo ya ziwa, mechi ambayo Okalee hufunga maduka kwa ajili yake, na wasaka vipaji wa vyuo vinne walikuwa wanakuja kumtazama.

Jumatatu ya wiki ya mechi hiyo Dorsey alimwona Kenyon kwenye korido ya shule amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, akitembea upande wa ukuta ambao taa zake zimeungua. Akajua mwanga unamuumiza kichwa. Yeye mwenyewe alitembea upande huo miaka sita.

Safari hii hakungoja. Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Bi. Stallworth, akakiri kila kitu: mlango, dakika kumi, maneno manne badala ya kumi, kiapo. Alisema Kenyon asicheze, na wote wapimwe upya. Bi. Stallworth alisikiliza bila kumkatiza, kisha akawaita vijana watano, Kenyon na Pruitt wakiwemo, akawauliza mbele ya Dorsey kama ni kweli.

Mmoja baada ya mwingine wakasema hapana, Bi. Stallworth. Walisema wakimtazama kocha wao usoni, kama alivyowafundisha. Hata Pruitt hakuwa na utani siku ile. Kenyon alikuwa ameambiwa avue kofia, na jua la dirishani lilimfanya afumbe jicho moja, na aliyeliona hilo ni Dorsey peke yake.

Vijana walipotoka, Bi. Stallworth alishusha sauti. "Dorsey, wiki iliyopita umeniita kwa jina la marehemu mama yangu. Mara mbili. Sikukwambia kitu kwa sababu nakuheshimu. Kapumzike Ijumaa hii, msaidizi wako atasimamia."

Ndivyo alivyonyang'anywa uwezo wa kumweka Kenyon benchi, siku ile ile alipoamua kuutumia.

Ikabaki Odessa. Alimkuta barazani anachemsha karanga kwenye sufuria kubwa kwa ajili ya Ijumaa, Kenyon ameketi ngazini na kofia yake. Dorsey akamweleza dada yake bila kupunguza neno. Odessa akazima moto, akamgeukia mwanawe, akamwambia amjibu kama anavyomjibu Mungu.

"Mama, Mjomba anasahau," Kenyon alisema kwa upole. "Wewe mwenyewe unajua."

"Kenyon," Dorsey akasema, "kile kiapo nimekifuta. Niliwaapisha mimi, nakifuta mimi."

Kijana akainua uso, akamtazama machoni, sawasawa kabisa, bila kupepesa.

"Kiapo gani, Mjomba?"

Dorsey amesahau mengi tangu hapo, lakini hilo hajalisahau. Alimtazama dada yake, yule aliyemshikia gunia, akaona anapima mizani ambayo mama yeyote angeipima.

"Nimwamini nani, Dorsey?" Odessa alisema. "Jana umenipigia simu mara tatu kuniuliza Baba yuko wapi. Baba tumemzika mwaka wa nane huu."

Ijumaa Dorsey alisimama nje ya uzio na Verlene, kati ya watu waliokuwa wanampa mkono na kumwambia anaonekana amepumzika. Kenyon alikimbia siku ile kama alivyokimbia yeye. Alikata kulia, akakata kushoto, akavuka mstari wa kufunga mara mbili kabla ya mapumziko, na uwanja ukatetemeka. Na Dorsey, Mungu amsamehe, mara ya pili alipiga kelele za furaha pamoja nasi. Aliniambia mwenyewe. Alisema miguu yake iliruka kabla kichwa hakijaikataza.

Baada ya mapumziko Kenyon aligongwa tena, pigo la kawaida, hata si kubwa. Aliinuka. Akampa mwamuzi mpira, akatembea hatua nne kuelekea benchi la wapinzani, akapiga magoti, akalala. Dorsey aliruka uzio na lile goti lake bovu, na ni yeye aliyemwambia mtabibu asimguse helmeti. Helikopta ya hospitali ilitua katikati ya uwanja. Karanga zilipoa mikononi mwetu.

Walimfungua fuvu kutoa damu. Aliishi. Wengi hapa husema hivyo, aliishi, kisha hubadilisha mazungumzo. Bi. Stallworth alipeleka pai ya viazi vitamu nyumbani kwa Odessa. Pruitt alienda kwa Dorsey akakaa barazani saa nzima, kisha akamwomba msamaha, na Dorsey akamwambia hana cha kuombea msamaha, alitii tu.

Agosti iliyofuata Odessa alimruhusu kaka yake aje kwenye mazoezi ya kumbukumbu ya Kenyon hospitalini. Chumba kidogo, meza, mwanadada mwenye kadi. Kenyon alikuwa amekonda, mkono wa kushoto umekunjwa mapajani. Mwanadada akamsomea maneno matano taratibu: ndoo, farasi, mlango, asali, kengele. Akamwomba ayarudie.

Kenyon alifikiri muda mrefu. "Ndoo," akasema. Kisha, "Mbwa."

Mwanadada akaandika. Dorsey alikuwa anayatafuta yale maneno kichwani mwake, akaambulia asali tu. Akaegemea mbele, akaweka mkono kwenye goti la mpwa wake, akamsemesha kwa sauti ya chini, ile ya chumba cha kompyuta.

"Hapa hakuna mechi, mwanangu. Sema yote unayoyajua. Usifiche."

Kenyon akamtazama machoni, sawasawa kabisa.

"Sifichi, Mjomba," akasema.