Mwanamke Haingii Ghalani: Kutoka Qurum hadi Shamba la Mizabibu la Bordeaux

Simu iliyotutoa Muscat iliingia adhuhuri moja ya Februari, nikiwa nampima Madame Solange presha sebuleni kwake, Qurum. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Wundanyi kule Taita, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kumtunza mama huyu wa Kifaransa, mjane wa mhandisi aliyekuja Oman kujenga barabara na akazikwa huku huku. Madame amepita miaka themanini. Nyonga yake iliwahi kuvunjika, na hutembea akisukuma kigari cha kujiegemezea. Aliisikiliza ile simu hadi mwisho. Alipoiweka chini, presha yake ilikuwa imepanda hata nikadhani mashine imeharibika.

"Ni ndugu yangu, Étienne," akaniambia kwa Kiingereza, lugha yetu ya kila siku. "Anasema kama nataka kuliona shamba letu, niende mwezi huu. Nikichelewa nitakuta udongo mtupu."

Nilipigwa na butwaa. Muda wote niliomjua hakuwahi kunitajia ndugu, wala shamba. Jioni hiyo ndipo nilipojua kwamba alizaliwa kwenye mojawapo ya mashamba ya kale ya mvinyo mwekundu karibu na Bordeaux, Ufaransa, katika nyumba ya mawe iliyokuwapo kabla ya babu za babu zake, na kwamba aliondoka huko akiwa msichana, akaapa hatarudi.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kutuaga jirani yetu, Bi Salma. Huyu ni Muomani ambaye wazee wake walitoka Unguja, na ni rafiki wa Madame tangu wote wawili wakiwa mabibi harusi. Alinivuta pembeni, mlangoni.

"Mwanangu Wakesho, nna wasiwasi na shoga yangu," alisema. "Mie mvinyo wao siujui wala siutaki, lakini moyo wake naujua. Huyu akikasirika hunyamaza. Ukimwona kimya, mkamate mkono."

"Nimesikia, Bi Salma. Nitamrejesha salama, Mungu akipenda."

"Inshallah, mwanangu. Inshallah."

Ndani ya ndege ya pili, tuliyoipanda Doha, nilimuuliza Madame kwa nini aliapa. Alitazama mawingu kwanza.

"Chini ya nyumba yetu kuna ghala la mapipa," alisema. "Baba yangu alikuwa na sheria moja: mwanamke haingii. Alisema mwanamke akikanyaga mle, mvinyo unageuka siki. Nimezaliwa juu ya ghala lile, nimelala juu yake hadi nilipoolewa, na sijawahi kushuka hata ngazi ya kwanza."

Nilidhani ananitania. Kwetu Kenya, mahali pengi, wanawake ndio wanaopika pombe. Baba huyo angewafukuza hao, watu wangekunywa nini? Kanisa langu halitaki hata harufu ya pombe, na mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuionja, lakini jambo hilo la siki lilinikera mpaka tulipotua Paris.

Mchana tulipanda treni ya kuelekea Bordeaux. Baridi ya Ulaya nilikuwa nimeisikia tu. Sasa iliingia kwenye mifupa kama imetumwa. Zaidi ya baridi, kilichonishtua ni mashamba yenyewe. Nilitarajia majani ya kijani na mashada ya zabibu kama kwenye picha. Niliona mistari na mistari ya visiki vyeusi, vifupi, vinafika kiunoni, havina hata jani moja.

"Madame," nikasema, "mizabibu yote imekufa!"

Alicheka. "Imelala. Huu ni wakati wa baridi. Itaamka Aprili."

Stesheni ya Bordeaux tulipokewa na Étienne. Nilitegemea kuona tajiri wa suti, kumbe ni mzee mwembamba mwenye buti za matope na sweta lililotoboka kiwiko. Ndugu hawa wawili walibusiana mashavuni kama watu wanaotimiza wajibu. Étienne alitupakia garini. Nilikaa nyuma na Madame, nikamshika mkono, kwa maana alikuwa kimya.

Tulifika shambani jua likiwa bado juu. Nyumba ilikuwa nzuri ya kuogofya: kuta za mawe ya manjano, mnara mdogo wenye paa la ncha kali, na mlango ambao ng'ombe wawili wangepita wakiwa bega kwa bega. Lakini nyuma yake moshi ulikuwa umetanda. Tulipozunguka kona nilisikia Madame akivuta pumzi. Tingatinga lilikuwa linatembea shambani, linang'oa mizabibu na mizizi yake kama mtu anayeng'oa meno, na visiki vilikuwa vimerundikwa na kuchomwa moto. Kilima kizima kilikuwa wazi. Kipande kimoja tu kilikuwa kimesalia, karibu na ukuta wa nyumba.

"Kwa nini?" Madame aliuliza.

Étienne alijibu kwa Kiingereza, ili nami nisikie, nafikiri, au ili asilazimike kumjibu kwa lugha ya mama yao. "Watu hawanywi tena mvinyo mwekundu kama zamani, Solange. Ghala limejaa mvinyo usio na mnunuzi. Serikali inawasaidia wanaokubali kung'oa. Majirani wote wanang'oa. Kile kipande nilikibakiza ili ukione."

Nilifikiri Madame atalia. Alikitazama kile kipande cha mizabibu, kisha akasema, "Nipeleke ghalani."

Kufika ghalani kulikuwa kazi. Ngazi ni za mawe, zimeliwa katikati kwa nyayo za karne nyingi, na zinateleza. Étienne alimwita dereva wa tingatinga, wakambeba Madame juu ya kiti cha jikoni, mimi nikatangulia kinyumenyume nikimulika kwa simu. Tulipofika ngazi ya kwanza Madame alisema "Simameni." Wakasimama. Akashusha mguu wake mmoja, akakanyaga jiwe, akaurudisha juu. "Endeleeni," akasema.

Huko chini nilidhani nimeingia kaburini. Kuta zilikuwa zimefunikwa na ukungu mweusi, mnene kama manyoya ya paka, na nilipouliza kwa nini hawausafishi, Étienne alinitazama kana kwamba nimetukana; kwao ukungu huo ni sifa ya ghala kongwe. Mapipa yalilala mistari miwili, mbali hadi gizani. Harufu yake siwezi kuisahau: mbao, udongo uliolowa, na zambarau zilizoiva zikadondoka chini ya mti.

Étienne alichovya mrija wa kioo kwenye pipa, akamimina mvinyo katika glasi tatu; yangu niliishika tu. Akaonja, akausukasuka mdomoni, kisha akautema wote kwenye ndoo. Nikadhani umeoza. Kumbe ndivyo waonjaji wanavyofanya! Mvinyo uliolelewa miezi na miezi, unatemwa kama maji ya kusukutulia.

Madame hakutema. Alifumba macho, akameza polepole.

"Baba alikuwa na pua kweli," alisema. "Hilo nampa. Miaka yote ile watu walikuja kutoka mbali kwa sababu ya pua yake."

Étienne aliiweka glasi yake juu ya pipa.

"Baba hakuwa na pua, Solange."

"Unasema nini?"

"Aliugua sana utotoni. Tangu hapo hakuweza kunusa kitu, hata siki, hata moshi. Mvinyo wetu ulichanganywa na Mama. Kila mwaka, vyombo vya chakula cha jioni vikishaoshwa, Baba alipanda na vichupa kutoka kila pipa, akavipanga kwenye meza ya jikoni. Mama alinusa, akaonja, akamwambia: huu mwingi, huu kidogo, ule uache. Asubuhi Baba aliwatangazia watu kama vile ameota yeye."

Dereva wa tingatinga, ambaye hakujua Kiingereza, aliangalia nyuso zetu moja moja, akavua kofia.

"Na ile sheria?" sauti ya Madame ilikuwa ndogo. "Mwanamke haingii?"

"Ilikuwa ni kumficha Mama. Nani angemdhania mtu asiyewahi kushuka ghalani?"

Glasi iliruka mbele ya uso wangu kabla sijaelewa imetoka wapi. Ilipasukia ukutani, na mvinyo ukateremka kwenye ule ukungu mweusi kama damu. Mikono ya Madame, ambayo haiwezi kushika kijiko bila kumwaga supu, ndiyo iliyoirusha.

"Ulijua," alimwambia ndugu yake. "Nilipokuwa nalia kwenye ngazi zile nikiomba niingie, ulijua."

"Nilijua."

"Nitoeni humu."

Usiku ule hakula. Presha ilipanda, nikampa dawa, nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda chake huku nikijuta kwa nini nilikubali safari hii. Nilikuwa nimeahidi kumrejesha mzima.

Siku ya pili hakutoka chumbani. Étienne alikuja mlangoni zaidi ya mara moja akiwa na sahani ya supu, na kila mara Madame alimgeuzia mgongo. Mwishowe mzee aliniomba mimi nimfikishie maneno yake.

"Mwambie sikumwita ili aone mizabibu ikifa," alisema, macho yake mekundu. "Mvinyo ulio kwenye mapipa ni wa mwisho, na haujachanganywa. Mimi nimerithi pua ya Baba; tangu Mama afe nimekuwa nikibahatisha tu. Mama kabla ya kufa aliniambia Solange ndiye aliyerithi yake. Anakumbuka mchezo wa kufungwa kitambaa machoni jikoni na kutaja harufu? Haukuwa mchezo. Mama alikuwa anamfundisha."

Niliyafikisha kama yalivyo. Madame aligeuka, akanitazama. Kisha, jambo lililonishangaza kuliko glasi iliyoruka, akaanza kucheka.

"Iliki," alisema. "Siku zote nilishinda kwenye iliki. Wakesho, nivalishe."

Hakutaka kurudi ghalani. Alitaka meza ya jikoni. Étienne alileta vichupa kutoka kila sehemu ya shamba: mapipa ya ardhi ya kokoto, mapipa ya udongo wa mfinyanzi, na pipa moja dogo la kile kipande kilichobakia. Kwa kuwa mikono yake inatetemeka, mimi ndiye niliyeshika glasi na kuisogeza puani mwake. Wakati mmoja aliniambia, "Onja nawe. Sitaki kuwa peke yangu."

Nilisita. Nilimfikiria mchungaji wangu, nikawafikiria akina mama wa kanisani kwetu. Kisha nikaonja ule wa pipa dogo. Ulianza kwa ukali, ukaukausha ulimi kama embe bichi, nikataka kuutema. Halafu ukafunguka: zambarau, moshi wa kuni, na kitu kama udongo wa Wundanyi mvua ikipiga mara ya kwanza. Nikashtuka kwamba naupenda. Nikaomba tena kidogo.

"Ndiyo," Madame alisema akinitazama usoni. "Huo ndio uti wa mgongo wa mchanganyiko wetu. Étienne, ongeza huo. Punguza wa mfinyanzi."

Walifanya kazi mpaka kuni za jikoni zikawa majivu, wakibishana kwa Kifaransa kama watoto. Alipotosheka, alisema ana sharti moja. Jina la Baba litoke kwenye lebo, liwekwe la Mama: Honorine.

Étienne alikuna kichwa. "Watu watauliza Honorine ni nani."

"Basi utawajibu."

Siku ya mwisho, kabla hatujaingia garini, tingatinga liliingia kwenye kile kipande cha mwisho. Nilitaka kumgeuza Madame asione, akanikataza. Alisimama na kigari chake, ndugu yake akiwa amemshika kiwiko, hadi kisiki cha mwisho kilipong'oka. Mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko mtu. Tuliondoka hakuna aliyelia ila mimi.

Tulirudi Muscat asubuhi, joto likatupokea uwanjani kama taulo la moto. Kesho yake Bi Salma alikuja na halwa na birika la kahawa, akataka habari zote. Madame alimsimulia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, na palipomshinda mimi nikajazia kwa Kiswahili. Tulipofika kwenye meza ya jikoni na vichupa, Bi Salma aliweka kikombe chini.

"Lahaula! Umri wote ule, na jina la mume ndilo linalosifiwa?"

"Umri wote," Madame alisema.

Bi Salma alijitengeneza mtandio. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote: "Marehemu mume wangu alipofika hapa kutoka Unguja, Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni. Mie nilisomeshwa na baba yangu, nahau na khati ya Kiarabu. Zile hotuba alizokuwa akipigiwa makofi wizarani, mwafikiri nani aliziandika?"

Nilimtafsiria Madame. Alimgeukia rafiki yake, mdomo wazi.

"Salma! Tumekuwa marafiki tangu ujana, hukuwahi kuniambia!"

"Na wewe uliniambia una ndugu?"

Wakatazamana wale wazee wawili, wakaanza kucheka hadi wakashikana mikono. Mimi nilikaa na kikombe changu kikipoa. Nimempima mmoja presha kila siku, na nimekula halwa ya mwingine kila Ijumaa, nikidhani nawajua.

"Bi Salma," nikauliza, "mbona hukumwambia mtu?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye wa kwanza kuuliza."