Mtunza Majile wa Ziwa Nzilo

Mtunza majile husalimia kwanza jile la kuelea, ndipo amsalimie aliyelivaa. Kila anayepanda ubao wa tanga, planshi kama aiitavyo yeye, hupita mikononi mwake: huvuta mkanda huu, huvuta na ule, vidole vyepesi vyenye harufu ya samaki mkavu, huku akiimba puani wimbo wa kanisani usiofika mwisho. Yeye mwenyewe halivui lake la rangi ya machungwa, hata akila ugali wake wa bukari ufukoni. Na maneno yake ni yale yale: "Mama Odile, ukianguka, kamata planshi. Inchi kavu inaonekanaka karibu. Bale banaachaka planshi, ni bale tunatafutaka."

Odile, karani wa Kolwezi anayekuja kujifunza Jumapili baada ya misa, humwitikia kama anavyoitikia litania. Lakini leo upepo ulimpeleka mbali, kisha ukazimika. Akalala kifudifudi juu ya ubao, maji yakimbembeleza kama mtoto, na ufuko ukaonekana karibu kweli, karibu kama kitanda. Alikwisha kutia mguu majini alipoona kitone cha rangi ya machungwa kikitembea ukingoni, sambamba naye, kikisimama kila ubao uliposimama. Akaurudisha mguu.

Maji yalipomfikisha kwenye matete, mtunza majile alikuwa anamngoja, maji magotini, haimbi. Akashika mkanda wa jile aufungue. Vidole vikavuta huu, vikavuta na ule, vikashindwa kufungua.

"Acha, tata," Odile akamwambia kama baba yake. "Nitabakia na jile kidogo."