Bawa la Kidoti

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nyumbani kwetu Mji wa Kale, nilishtakiwa kwamba nimemuua babangu kwa mkasi wa kushonea. Baba mwenyewe alikuwa Jeddah, kaenda kuhiji kwa meli. Leo naweza kucheka nikiandika haya. Wakati ule sikucheka.

Alikuwa ameniachia kuku mmoja, Kidoti, na agizo moja: akirudi amkute ana vifaranga. Kidoti hakuwa kuku wa kutulia. Kila asubuhi aliruka ukuta wa uani akaingia kwa jirani yetu Bi Zuhura, akaparura maembe aliyoyaanika kwa ajili ya achari. Siku ya tatu Bi Zuhura alimrudisha mwenyewe, kamning'iniza miguu juu.

"Akija tena," alisema, "ntamla na achari yangu."

Dawa niliijua: unapunguza manyoya ya bawa moja tu, kuku akijaribu kuruka anaenda upande. Haimuumi, ni kama kukatwa kucha. Lakini Bibi, mamake baba, hakutaka kusikia. Siku baba alipoondoka, nyumba haikufagiwa mpaka kesho yake, msafiri asije akafagiliwa mbali. Na kwa Bibi, kukata bawa nyumba ikiwa na msafiri ni kumkatia msafiri njia ya kurudi.

"Mwate aruke," aliniambia, yaani nimwache.

"Akichinjwa je?"

"Kuku hununuliwa. Babako hanunuliwi."

Nikachukua mkasi wa kushonea. Ilikuwa siku ya Arafa, Bibi amefunga, amejilaza baada ya adhuhuri. Nilimbana Kidoti magotini nikakata, manyoya nikayafukia chini ya mrehani. Niliyafukia vibaya. Jioni Bibi aliyaona, akafuturu bila kunitazama.

Baada ya Idi ikaja simu ya maandishi: baba amefariki kwa homa. Katikati ya kilio, mbele ya wanawake wote, Bibi alininyooshea kidole.

"Huyu ndiye alomkata babake!"

Mama alinivuta kifuani lakini hakunitetea, na hilo liliniuma kuliko kile kidole. Nikapiga kelele kwamba nilikata kuku, sikukata mtu. Wakaniambia niombe radhi. Nilikataa. Wiki zikapita nikila peke yangu jikoni, na kila nilipoulizwa nilikataa tena.

Mahujaji waliporudi, Mzee Badi, aliyesafiri na baba, alikuja kutoa pole na kuleta tasbihi ya marehemu. Mtoto hasemi mbele ya wageni. Nilisema.

"Shikamoo, Mzee Badi. Baba alikufa siku gani?"

"Mwezi tano, mwanangu, tarehe tano ya mwezi wa hija. Masikini, hata Arafa hakuiwahi."

Nilimgeukia Bibi. "Mimi nilikata siku ya Arafa. Mwezi tisa. Hesabu, Bibi!"

Bibi hakuhesabu. Aliichukua tasbihi ya mwanawe, akaingia chumbani. Mama aliniita nikae mkekani, nile na wenzangu.

Miezi ikapita, manyoya yakaota upya, Kidoti akarudia ukuta wake, safari hii vifaranga wanamlilia chini. Sikumgusa. Wiki ile ami yangu, mtoto wa pekee aliyembakia Bibi, alikuwa safarini Tanga, na nilikuwa nimechoka kupigana. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuja uani na mkasi. Alimkamata Kidoti, akamkumbatia, akageuza uso ukutani.

"Kata," alisema.

Nilikata. Ami alirudi Ijumaa na halua.

Bibi hakuniomba radhi kwa mdomo mpaka akafa, na sitajifanya kwamba sikuwa nikiingoja. Nilikuwa na haki nayo, na leo bado nasema nilikuwa na haki nayo. Lakini nimeishi nikawaona wengi wakikiri kosa kwa maneno matamu. Sijamwona mwingine aliyenishikia kuku huku mwanawe yuko safarini.